Ukipeleka Vibarua Kiwandani, Lipia na "Hapana" Yao

Mwaka wa sita huu napeleka vibarua kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe mpaka kule Kipawa. Kiwanda kikitaka watu ishirini kesho, natafuta ishirini. Zamani nilijua nikishawafikisha getini saa moja kasoro robo, wana reflekta na buti, shughuli yangu imeisha.

Kuna kijana nilimpeleka kupanga katoni. Saa tano mtu wa mashine ya kuviringisha nailoni akawa hayupo, mnyapara akaita: "Wewe dogo, hebu simama hapa." Alikuwa amevaa glovu za uzi, nilizompa mimi mwenyewe kwa ajili ya katoni. Roli ikanasa ncha ya glovu, ikavuta mkono. Vidole viwili vikaenda. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwepo, upande wa pili, na hakuna aliyemwonyesha.

Hospitali wakauliza mwajiri nani. Kiwanda wakasema huyu wa wakala. Nami, nakiri, nikasema kaumia kwenu. Dogo anatutazama kwa zamu, mkono umezungushiwa kanga ya mtu.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakukataa. "Braza, ningekataa, kesho ungeniita?"

Sikuwa na jibu. Unaweza kuwahubiria vibarua kutwa nzima kwamba wakiona hatari wakatae, lakini kama kukataa kunamkosesha mtu ujira wa siku, atashika tu hiyo mashine. Kwa hiyo sasa mkataba wangu unasema hivi: kazi ikibadilishwa, napigiwa simu kwanza, kibarua akikataa mashine asiyoijua, analipwa siku nzima. Viwanda viwili viligoma kusaini nikaachana navyo. Kimoja kimerudi.

Kabla ya kupeleka watu, nenda mwenyewe ukasimame pale watakaposimama, usiishie kunywa chai ofisini kwa meneja. Kama kuna zamu ya usiku, nenda usiku. Uliza kama eneo limesajiliwa OSHA, ile taasisi ya serikali ya usalama na afya mahali pa kazi. Sheria ipo tangu 2003, si jambo geni. Halafu mwandikiane, kabla hajaumia mtu, nani anatoa taarifa ya ajali na vibarua wanachangiwa na nani kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango ule ni wa mwajiri peke yake. Wakala anayewakata vibarua hela ya WCF kwenye ujira wao anawaibia, sina neno jingine la kumwita.

Na buti, jamani, pimeni miguu. Tunapenda kununua namba tisa kwa wote, mwenye mguu wa namba saba anajaza magazeti mbele kisha anapanda ngazi na mfuko wa kilo hamsini begani. Wiki iliyopita nilimvua mmoja pale getini, ndani nikakuta kurasa za michezo, zimelowa.