Gumegume au fataki: ipi ya kuwindia wakati wa mvua?

SWALI: Jambo yenu, ndugu wa gazeti. Vibali vyangu vya silaha na vya kuwinda viko sawa, na sasa natafuta gobori, bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni. Nimeonyeshwa mbili: moja ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, nyingine ya fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo ya bunduki. Muuzaji anasifu ya gumegume, eti sitahangaika kutafuta fataki. Lakini mvua zetu zikianza Novemba zinaendelea mpaka karibu Aprili. Nichukue ipi?
– Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu, chukua ya fataki, ilimradi una mahali pa hakika pa kupata fataki zinazokaa vizuri kwenye kifa chake, yaani kile kichuchu chenye tundu kinachopeleka moto mtutuni. Za namba 10 na namba 11 hufanana machoni. Ikilegea, itaanguka njiani. Ikibana, pigo la kwanza la nyundo linaisukuma tu mpaka chini, na mnyama akishakimbia ndipo la pili linawasha.

Kwenye gumegume moto una safari ndefu. Jiwe linakwaruza bamba la chuma, cheche zinaangukia kisahani, baruti ya kisahani inawaka, kisha moto unaingia mtutuni kwa tundu la ubavuni. Yote hayo yako karibu wazi kwa hewa. Tena masizi ya baruti nyeusi hunywa unyevu upesi, na siku ya manyunyu kisahani hugeuka uji mweusi. Kasisi Mskoti Alexander Forsyth, mwindaji wa ndege, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807 akitafuta dawa ya ucheleweshaji wa moto wa gumegume, kwa kuwa ndege walishtuka wakiona mwako wa kisahani. Fataki ilizaliwa kutokana na kazi hiyo.

Hata hivyo fataki nayo hukataa, na mara nyingi kosa ni mafuta. Watu hupaka mtutu mafuta kisha huisimamisha bunduki kwa kitako, nayo yanateremka mpaka kwenye kifa. Ihifadhi mdomo ukiwa chini. Kabla ya kushindilia, hakikisha mtutu ni mtupu, elekeza mdomo kwenye jani la nyasi ardhini, ulipue fataki moja. Jani likitikisika, njia iko wazi. Lisipotikisika, fungua kifa ukisafishe. Siku ya mvua, zungushia ukingo wa fataki nta ya nyuki kidogo.

Gumegume si kitu cha kudharau. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lina msimu wa gumegume baada ya Krismasi tangu 1974, katikati ya baridi na theluji. Ila inadai mkono uliozoea. Tumia baruti nyeusi halisi, maana zile za badala yake zinahitaji joto kubwa zaidi ili ziwake. Jaza kisahani theluthi tu, chini ya tundu: ukiliziba tundu, baruti itaungua polepole kama utambi. Shikilia jiwe kwa kipande cha ngozi, ukingo wake uguse bamba kwa upana wote. Futa mafuta yote kwenye bamba, na mvua ikinyesha badilisha baruti ya kisahani mara kwa mara. Usiondoe jicho kwenye shabaha mpaka mlio uishe, na mtu asisimame upande wa tundu.

Kwa zote mbili: isipolia, mdomo ubaki umeelekea mahali salama dakika nzima kabla hujagusa kitu. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, usiitie kamwe, itapasua mtutu. Gobori lenye mtutu wa bomba la maji usilinunue hata likitolewa bure. Na Upemba na Kundelungu ni hifadhi, hakuna kuwinda humo.

Dukani, kabla ya kulipa, ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) mpaka ukome, uweke alama penye mdomo, kisha uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha isipofika karibu na kifa au tundu, kuna kitu ndani: huenda bunduki hiyo imeshindiliwa tayari. Irudishe taratibu, umwambie mwenyewe.