Maswali na majibu: kitabu cha mwaka cha shule

Wiki hii nawajibu wanafunzi na walimu wanaoandaa kitabu cha mwaka cha shule, kile chenye picha na habari za kila mwanafunzi.

Shikamoo mwalimu. Wenzangu wamepewa makala, mimi nimepewa maelezo ya picha. Naona kama nimepewa kazi ya kujazia.

Marahaba. Umepewa kazi ngumu kuliko zote. Mtu akifungua kitabu hiki miaka ishirini ijayo, atatazama picha, kisha jicho litashuka chini yake. Makala huenda asiifikie kabisa.

Tuchukue picha moja. Kipa yuko hewani, mikono imenyooka, mpira uko karibu na ncha za vidole. Wengi wataandika "Kipa akijaribu kudaka mpira". Hilo tumeshaliona. Kazi yako ni kueleza kile ambacho picha haikisemi: jina lake kamili, kidato chake, mechi ilikuwa kati ya nani na nani, lini, mpira aliudaka au ulimpita, na mchezo ukaishaje. Halafu mfuate, umuulize alikuwa anawaza nini. Akikwambia kwamba tangu penalti ya pili alikuwa anasoma miguu ya wapigaji, umepata sentensi ambayo hakuna mwingine anayo. Kwa maneno yasiyofika hamsini umeona, umeuliza, umehakikisha na umeandika. Uandishi wa habari wote umo humo.

Kila ninayemhoji ananijibu "ilikuwa nzuri sana", basi.

Swali lako ndilo linalomfunga mdomo. Ukiuliza "Ulifurahia tamasha?" atajibu ndiyo. Muulize dakika moja tu: "Taa zilipozimika ukiwa jukwaani, ulifanya nini?" Kisha nyamaza. Wengi hawavumilii kimya, wataongeza neno, na neno hilo ndilo unalolitafuta. Nukuu iandike kama alivyosema. Usimpambie maneno asiyoyatamka, hata kama ya kwako ni matamu zaidi.

Picha zetu zinang'aa kwenye simu lakini mchapaji amezikataa. Anasema ni ndogo.

Yuko sahihi. Kioo cha simu ni kidogo, kinasitiri mengi. Kwenye uchapaji, hesabu pikseli (vile vitone vidogo vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 900 inatosha inchi 3, kama sentimita saba na nusu. Kujaza ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2,480 kwa 3,508. Programu za ujumbe huzibana picha zinapotumwa kawaida, kwa hiyo zitumeni kama faili, au zihamisheni kwa waya kutoka kwenye simu iliyopiga.

Jambo jingine ni rangi. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, lakini mtambo hutumia wino wa samawati, majenta (wekundu wa zambarau), njano na mweusi. Ndiyo maana bluu inayowaka kwenye kioo hufifia karatasini. Ombeni prufu, yaani nakala ya majaribio, ya ukurasa wenye rangi nyingi kabla ya kuruhusu kazi yote.

Mimi ni mwalimu mlezi. Kila kikundi kinataka fonti yake na mapambo yake. Niwaachie?

Hapana, mwalimu mwenzangu. Fonti mbili zinatosha: moja ya vichwa vya habari, moja ya matini. Mpangilio wa safu uwe mmoja kitabu kizima. Kurasa mbili zinazotazamana wazihesabu kuwa uwanja mmoja, na humo picha moja itawale, angalau mara mbili ya ukubwa wa inayoifuata. Uso wa mtu usiangukie kwenye mshono wa katikati, kurasa zinapokutana. Picha inayofika hadi ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo utabaki ukanda mweupe.

Wakibisha, msibishane kwa maneno. Chapisheni matoleo mawili, yabandikeni ukutani, kila mtu arudi nyuma hatua tano. Nimeona ugomvi wa wiki nzima ukiisha hivyo.

Tuna kurasa 90, mchapaji anataka 96. Anatuongezea gharama?

Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa mara kadhaa, na mara nyingi kila karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa 16. Karatasi 6 za namna hiyo ni kurasa 96. Hizo 6 zilizozidi msizijaze maua. Someni jibu linalofuata.

Watu walewale kumi wanaonekana kila ukurasa: viranja, wachezaji na marafiki wa kamati. Tufanyeje?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Bandikeni ukutani orodha ya wanafunzi wote, na kila mtu anapotokea, andikeni namba ya ukurasa mbele ya jina lake. Mkimaliza, orodha hiyo ndiyo faharasa yenu, na nafasi tupu zitawaonyesha mliowasahau. Jiwekeeni lengo la kila mwanafunzi kutokea angalau mara tatu: mara moja kwenye picha ya darasa, na mara mbili akifanya jambo. Asiyetokea popote mtafuteni. Yuko anayefungua maktaba kila asubuhi, yuko anayechora pembeni mwa daftari. Kurasa 6 hizo ni zao.

Kitabu kimeshachapwa, na jina la mwenzetu limekosewa. Tukae kimya?

Msikae kimya. Nina kidonda cha aina hiyo. Mwaka mmoja, katika kitabu nilichokisimamia, majina ya ndugu wawili yalibadilishana chini ya picha zao. Tulikuwa watu watatu tuliosoma prufu ile. Tuliisoma kama hadithi, macho yakaona tulichokitarajia. Tangu hapo majina husomwa na watu wawili: mmoja anataja herufi moja moja kutoka kwenye daftari la mahudhurio, mwingine anafuata kwa kidole kwenye prufu. Kisha kila mwanafunzi anaweka saini kando ya jina lake.

Nyinyi nendeni kwake leo, kabla nakala hazijagawiwa, mumwombe radhi ana kwa ana. Mwacheni aandike jina lake mwenyewe kwenye karatasi, mchape vibandiko kutokana na mwandiko huo, na mbandike nakala zote kwa mkono.