Kazi ya siku 5 kuisha siku ya 4 kwenye Microsoft Project

Unasema umeandika kazi ya siku 5 kwenye Microsoft Project, programu ya kupangia ratiba za miradi, nayo inaisha siku ya 4. Hapo programu haijakosea, ndugu. Umebadilisha kalenda iwe ya saa 10 kwa siku, lakini kwenye mipangilio, sehemu ya ratiba, saa za siku bado ni 8. Hiyo 8 haipangi watu waingie kazini lini. Inatumika kugeuza siku kuwa saa tu. Kwa hiyo ukiandika siku 5 inasoma saa 40, na kalenda yako inazimaliza kwa siku 4.

Weka 10 pale, na saa za wiki uzirekebishe pia. Ila angalia: kazi ulizokwisha kuandika hazitarefuka, zile siku 5 zitasomeka siku 4, kwa sababu ndani zimehifadhiwa kwa dakika. Itabidi uziandike upya (inachosha, najua, ndiyo maana mimi huanza na hili kabla ya kuingiza hata kazi moja).

Na saa ya kuanzia usiiache. Kama kalenda inaanza saa 1 asubuhi na mipangilio inasema saa 2, kazi ya kwanza itaanza saa 2 na mwisho wake utamwagikia kesho yake.