Mkia juu, mkojo ukutani: maswali yenu kuhusu paka

Maswali ya safari hii yametoka Jinja hadi Arua, na karibu yote yana mzizi mmoja: paka huisoma nyumba kwa pua kabla ya kuisoma kwa macho. Kile mwenye nyumba anachokiita ukaidi, mara nyingi ni ujumbe uliobandikwa mahali fulani.

Nikirudi jioni paka anajisugua miguuni kwangu, halafu kwenye jerikeni, halafu mlangoni. Mume wangu anasema ni njaa ya mukene (dagaa) tu. (Walukuba, Jinja)

Njaa ipo, hasa kama mfuko wa mukene uko mkononi, lakini mume wako ameona nusu tu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, pembeni mwa midomo, juu ya macho, kwenye shina la mkia na katikati ya vidole. Binadamu hazinusi harufu hizo. Paka huzisoma vizuri. Umeshinda sokoni, umebanwa ndani ya teksi, umerudi ukinuka watu wengine. Anapokupitishia shavu, kisha ubavu, kisha mkia, anakupaka upya harufu ya nyumba yenu. Jerikeni na mlango navyo vinapata sehemu yao kwa sababu viko njiani mwake kila siku.

Mtazame na mkia. Akija ameusimamisha wima, ncha imepinda kidogo kama ndoano, hiyo ni salamu, na paka wanaopatana husalimiana hivyo hivyo. Ile alama ya mafuta, ya kahawia, kwenye kona ya mlango kwa kimo cha kichwa chake ni ya mashavu. Usiisugue. Sababu inafuata hapa chini.

Dume langu lina mwaka mmoja. Linakojolea pazia na ukuta karibu na mlango wa muzigo wetu, chumba chetu cha kupanga. Nimesugua kwa jiki mara nne, linarudi palepale. (Kisenyi, Kampala)

Kwanza hakikisha ni nini hasa. Paka anayekojoa kwa haja huchuchumaa, akaacha dimbwi sakafuni. Anayeweka alama husimama, akaupa ukuta mgongo, mkia juu ukitetemeka, miguu ya nyuma ikikanyagakanyaga, na mkojo kidogo ukaruka kwa nyuma kwa kimo cha magoti yako. Maelezo yako ni ya huyu wa pili. Lakini dume likiingia na kutoka kwenye mchanga wake, likijikamua, likilia, na hakitoki kitu au linatoka tone tu, hiyo si tabia, ni njia ya mkojo iliyoziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, maana anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Tukirudi kwenye ukuta. Mkojo wa dume lisilohasiwa una kemikali zenye salfa, ndiyo sababu uvundo wake haufanani na wa jike. Kwa paka mwingine ule ukuta ni barua: ni nani aliyepita, lini, na kama anatafuta jike. Jiki haiifuti barua hiyo. Tena klorini ya jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo hilo si jambo la kuchezea. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji ni mbaya zaidi: ini la paka halimudu fenoli iliyomo ndani yake, naye atazilamba miguuni.

Fanya hivi. Kausha kwa kitambaa bila kusugua. Chukua sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (soma pakiti, huandikwa «enzymes», si zote zinavyo), gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Maji ya moto huua vimeng'enya, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi. Lowesha eneo pana kuliko doa, acha dakika 10 au 15, suuza kwa maji baridi, acha likauke kabisa. Kisha pitisha spiriti ya hospitali, mbali na sigiri, baada ya kuijaribu kwenye pindo la pazia usije ukapauka rangi. Ukuta wa saruji usiopakwa rangi hunywa mkojo, kwa hiyo rudia mara mbili au tatu.

Pakishakauka, chukua kitambaa laini cha pamba, mpanguse mashavu akiwa ametulia, kisha kipake ukutani kwa kimo cha pua yake, kila siku kwa wiki mbili au tatu. Paka huwa hapendi kunyunyizia mkojo mahali palipokwisha kuwekwa alama ya shavu. Ndiyo maana tumemwambia msomaji wa Jinja aiache kona yake.

Yote hayo lakini ni kufuta maji bomba likiwa wazi. Bomba lenyewe ni homoni. Dume likihasiwa, tisa kati ya kumi huacha au hupunguza sana. Harufu hupungua kwanza, tabia hufuata baada ya wiki kadhaa. Ni bora kuhasi kati ya miezi minne na sita, kabla hajaanza, maana aliyezoea muda mrefu anaweza kuendelea kidogo. Uzibe pia upenyo wa chini ya mlango. Kama kuna shume wa mtaa anayekuja kunyunyizia upande wa nje, lako litaendelea kumjibu tu.

Nina majike wawili, ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikwenda kufungwa kizazi, akarudi, mwenzake akamfokea na kumrukia kama hamjui. (Bombo)

Kwa pua, kweli hamjui. Ameondoka akinuka nyumbani, amerudi akinuka spiriti, dawa ya usingizi, mbwa wa watu na hofu yake mwenyewe. Sura haisaidii kitu.

Usimwogeshe, kwanza ana kidonda. Mtenge kwenye chumba kingine. Kama ni muzigo wa chumba kimoja, mweke ndani ya kikapu kikubwa au sanduku lenye matundu, lililofunikwa shuka, usiku mmoja au mbili. Chukua taulo aliyolalia yule aliyebaki, mpanguse mgonjwa shingoni na mashavuni, mbali na mshono. Badilishaneni matandiko. Siku ya pili wape chakula kila mmoja upande wake wa mlango, uufungue kidogo, uufunge kabla hawajafokeana. Mara nyingi siku mbili tatu zinatosha, maana akijilamba harufu yake inarudi.

Kufoka peke yake kusikutishe: ni onyo linalozuia vita. Cha kuhofia ni ukimya, mmoja kamkazia macho mwenzake, mwili mgumu, kichwa chini, mkia ukichapa. Hapo ingiza ubao au mto kati yao. Mkono wako usiuweke. Wakati mwingine wapeleke wote wawili, hata kama wa matibabu ni mmoja.

Analala chali mbele ya binti yangu wa miaka mitano, akionesha tumbo. Mtoto akimpapasa, anamng'ata. Je, ni mnafiki? (Arua)

Hapana mama, ni lugha iliyotafsiriwa vibaya. Kulala chali kunasema «nimetulia nikiwa na wewe», hakusemi «nishike tumbo». Tumbo ndipo adui angeanzia, na akilala hivyo miguu yote minne yenye kucha iko tayari.

Kabla ya kung'ata huwa ameshaonya, tena zaidi ya mara moja. Ncha ya mkia inaanza kuchapa sakafu. Ngozi ya mgongo inacheza kama inayofukuza nzi. Masikio yanageuka pembeni, kisha yanalala. Mboni zinapanuka. Anaacha kuunguruma, kichwa kinaufuata mkono. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuyafuata yote hayo. Mfundishe mawili tu, mkia na masikio. Na mfundishe kuhesabu: mpapase hadi tatu, ondoa mkono, ngoja. Paka akisogea mwenyewe, endelea. Asiposogea, basi. Sehemu salama ni mashavu, kidevu na katikati ya masikio.

Usitegemee muungurumo peke yake: paka aliyeumia au mgonjwa naye huunguruma.

Kuhusu huko kung'atwa: jino la paka ni jembamba, linaingiza uchafu ndani huku tundu likionekana dogo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kipo nchini Uganda, na paka hukipata pia. Paka achanjwe akifika miezi mitatu, na kurudia kama daktari atakavyopanga.

Kila akinusa viatu vyangu anaacha mdomo wazi na kukunja uso kama aliyelamba limau. Vinanuka kiasi hicho? (Masaka)

Huenda, lakini si hilo. Kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu, ana kiungo cha pili cha kunusia. Huacha mdomo wazi ili harufu ifike huko, hasa ya mkojo wa paka mwingine. Angalia ulikanyaga wapi.

Ananikazia macho, halafu anayafumba polepole. Ni dharau? (Busia)

Kinyume chake. Mrudishie: fumba nusu, taratibu, fungua, geuza uso kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima hilo mwaka 2020: paka waliofumbiwa macho hivyo walijibu vivyo hivyo, na walikuwa tayari zaidi kumsogelea mtu hata mgeni.

Nikiweka matandiko ya paka ghalani, harufu yake itafukuza panya kwenye mahindi? (Mbale)

Kwa siku chache, mzee. Panya huzaliwa na hofu ya harufu ya paka, hata asiyewahi kumwona mmoja. Lakini harufu isiyofuatwa na paka mwenyewe panya huizoea. Kuna na vimelea vya toksoplazma, vinavyozaana ndani ya utumbo wa paka na kutoka na choo chake: panya aliyeambukizwa hupoteza hofu hiyo, akaliwa, na vimelea vikarudi kwa paka. Ndiyo sababu sanduku la mchanga lisikae ghalani karibu na chakula. Choo cha paka kiondolewe kila siku kabla hakijaanza kuambukiza, na mjamzito asikiguse. Weka paka hai, inua ghala mita moja kutoka ardhini, vika miguu yake mabati. Sumu ya panya usitumie, paka atakula panya aliyekufa nayo.

Anararua kochi, na anajua ni kosa kwa sababu anakimbia nikija. (Fort Portal)

Anakimbia kelele zako. Kukwaruza kunanoa kucha, kunanyoosha mgongo, na kunaacha alama mbili kwa pamoja: mistari inayoonekana na harufu ya vidoleni. Kochi liko katikati ya sebule, ndiyo maana kalichagua.

Tafuta gogo la mwembe lenye magamba, au nguzo iliyozungushiwa kamba ya katani kwa kukazwa, kimo cha sentimita 80 hadi 90 ili ajinyooshe mwili mzima. Kitako kiwe kizito. Ikiyumba mara moja hairudii tena. Isimamishe kando ya mkono wa kochi anaoupenda, si kwenye kona ya nyuma ya mlango, na huo mkono uufunike kavera (plastiki) nene kwa muda. Akishaitumia wiki mbili mfululizo, isogeze sentimita kumi kwa siku hadi unapopataka wewe.