Baba kastaafu, kila asubuhi anavaa kama anaenda kazini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari huko Morogoro, mwezi wa tatu katimiza 60 akastaafu. Mpaka leo anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga pasi shati, anakaa barazani na kimkoba chake cha chaki mpaka jua linapanda. Sa hivi mafao yametoka anataka kununua Coaster kuukuu ya abiria na haambiliki, mimi nataka nimchukue aje akae kwangu Dar. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipofika hapo kwenye pasi nikaacha kusoma kwanza. Mimi nilikuwa nesi, nilivyostaafu ile saa ya kubana kifuani niliendelea kuivaa miezi mitatu, niko jikoni na kitenge naitazama, ikifika moja na nusu najua sasa hivi wanapokezana zamu, wanakabidhiana wagonjwa bila mimi. Baba yako hajachanganyikiwa, ana msiba, na hiyo Coaster nadhani anaitaka ili asubuhi kuwe na mtu anamsubiri.

Kwahiyo usibishane naye habari ya gari. Mwombe tu asiuguse ule mkupuo wa mafao miezi 6, pensheni ya kila mwezi si ipo ya kula. Akiogopa hela kulala bure, hati fungani za serikali, yani unaikopesha serikali hela, zinaanzia milioni 1 na riba inalipwa kila miezi 6, nendeni wote benki akaulize mwenyewe. Na ya Coaster nayo aipigie hesabu kwa mkono wake kwenye daftari, matairi, bima, leseni, siku gari limelala gereji, siku dereva kaleta pungufu, yani yote, halafu mwache alitazame.

Kumhamishia Dar hapo nakukatalia kabisa. Kazi imeondoka, na majirani wanaomwita Mwalimu umnyang'anye? Kwako atakaa mbele ya tivi anasubiri urudi. Mi nilianza kwa kumpima presha jirani mmoja tu, wala sikupanga, sasa kila Jumamosi nawakuta wamekaa kwenye mkeka wangu. Ila usimpangie wewe. Likizo hii mpeleke mwanao na daftari lake, mwambie babu kuna swali limemshinda, we beba kikapu nenda sokoni na usirudi haraka.