Mtoto njiti haongezeki uzito: kabla hujayalaumu maziwa yako

Kila mama wa mtoto njiti ameshaambiwa hivi: "Maziwa yako mepesi hayo, mtoto hashibi." Mimi niliambiwa na mama mkwe, nikaambiwa na jirani, hata na abiria niliyekaa naye siti moja kwenye daladala. Naandika kwa ajili yako unayeambiwa sasa hivi, na kadi ya kliniki mkononi ina mstari usiotaka kupanda. Binti yangu alizaliwa na wiki 31, akiwa na gramu 1,450. Niliyoyajua niliyapata kwa manesi wa wodi ya kangaroo, wanakobebwa njiti kifuani ngozi kwa ngozi, na kwa kumlea mwenyewe usiku na mchana, na jambo moja naliamini kabisa: mara nyingi maziwa ya mama hayana kasoro. Yanayoingia ni machache kwa sababu mtoto anachoka, na nguvu kidogo anayoipata inaishia kwenye baridi na kwenye kuhangaika na titi kabla haijageuka kuwa mwili.

Kwa njiti, kunyonya ni kazi nzito. Inabidi anyonye, ameze na apumue kwa mpangilio, na uwezo huo kwa watoto wengi huanza kukaa sawa kati ya wiki ya 32 na ya 34 kwa hesabu ya mimba, kisha unaendelea kukomaa. Ndiyo maana wadogo sana huanza na mrija wa kulishia unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, halafu kikombe, halafu titi. Hatua hizo huingiliana. Wangu alikuwa ananyonya vizuri asubuhi, na ikifika jioni hata mdomo hafungui. Basi asubuhi titi, jioni kikombe, na hakuna aliyeshindwa hapo.

Usimsubiri alie. Njiti mwenye njaa mara nyingi halii, analala. Mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia: mfunue kidogo, msugue nyayo, mbadilishe nepi, ndipo umsogeze titini. Mkao uliotusaidia sisi ni wa kumpitisha chini ya kwapa, kiganja changu kikibeba shingo na mabega yake, bila kumsukuma kisogo. Kama mdomo unaachia achia, libebe titi kwa vidole vitatu vya mwisho, halafu kidole gumba na cha shahada vishikilie mashavu yake taratibu huku kidevu kikiegemea katikati. Maziwa yakitoka kwa kasi akapaliwa, kamua kidogo kwanza. Akinyamaza katikati ya kunyonya, muache apumue. Usimtingishie titi mdomoni. Na baada ya nusu saa hivi, mtoe. Mtoto anayening'inia titini saa nzima anatumia nguvu ambayo ingemnenepesha. Kinachobaki kimalizie kwa kikombe.

Kikombe kina namna yake. Mtoto akae karibu wima, ukingo uguse mdomo wa chini, uinamishe hadi maziwa yafike mdomoni, halafu umwache alambe mwenyewe kwa ulimi. Ukimmiminia, yataingia kwenye njia ya hewa. Chupa mimi siipendekezi nyumbani: chuchu yake ni ngumu kusafisha, na tumbo la njiti halihitaji uchafu hata kidogo.

Kiasi gani? Akishazoea maziwa, watoto hawa huhitaji takriban mililita 150 hadi 180 kwa kila kilo kwa siku. Tuseme ana kilo 1.6 na amepangiwa 160 kwa kilo: hiyo ni mililita 256 kwa siku, yaani 32 kila baada ya saa tatu. Siku za mwanzo kiasi huwa kidogo zaidi na hupandishwa polepole, kwa hiyo waombe wahudumu wakuandikie cha mtoto wako kwenye karatasi kabla hujaruhusiwa. Kuambiwa tu "mnyonyeshe vizuri" hakutoshi.

Sasa hayo maziwa "mepesi". Maziwa yanayotoka mwanzo huonekana majimaji. Yanayofuata titi likikaribia kuisha ndiyo yenye mafuta mengi. Anayekuambia ni mepesi pengine ameyaona ya mwanzo tu. Kwa mtoto anayepanda taratibu, nesi anaweza kukuelekeza ukamue ya mwanzo uyaweke pembeni, umpe kwanza yale ya mwisho. Nilifanya hivyo na kadi ikaanza kuonyesha tofauti. Ila kukamua kwenyewe kunataka ukaidi: mara nane au zaidi kwa siku, na usiku usiuruke, maana homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa nne nje ya friji, na kwa joto la Dar mimi nisingengoja hata hizo nne. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne.

Halafu baridi. Mtoto anayepoa anachoma maziwa yake ili apate joto, na hapo utamlisha hadi uchoke asiongezeke. Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi: nepi, kofia na soksi tu, wima katikati ya matiti, kichwa kimegeukia upande mmoja, khanga imekaza vizuri. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na uhaba wa mashine za joto, na wengine bado wanaiona kama huduma ya maskini. Si kweli. Utafiti uliochapishwa 2021 katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliwafuatilia watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 kati ya 100 ndani ya siku 28, na waliosubiri kwanza watengemae, karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza wabebwe saa 8 hadi 24 kwa siku, na waanze mapema. Peke yako hutaweza saa hizo. Baba ana kifua, bibi ana kifua.

Bibi huyo huyo anayekuletea uji mwepesi hakutakii mabaya. Mpokee, mshukuru, kisha mpe mtoto ambebe ngozi kwa ngozi wewe ulale. Lakini uji, maji ya glukosi, dawa za mchango, asali na maziwa ya ng'ombe visimwingie mtoto. Vinajaza katumbo kadogo bila kumpa anachohitaji, na vinaweza kumletea ugonjwa. Matone ya madini ya chuma na vitamini D ni jambo jingine: hayo ataandikiwa kliniki kwa kipimo cha uzito wake.

Mizani nayo inatesa wengi bure. Siku za kwanza njiti hupungua, hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na huweza kuchukua wiki mbili kuurudia. Baada ya hapo tunatarajia kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Huyo wa kilo 1.6 ni gramu 24. Mizani ya kuning'inia ya kliniki nyingi ina alama za gramu mia mia. Gramu 24 haiwezi kuzionyesha, na nepi iliyolowa inaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo mpime uchi, mizani ile ile, kabla ya kula, na ulinganishe wiki kwa wiki. Umri nao urekebishwe: aliyezaliwa na wiki 31 amewahi kwa wiki 9, hivyo akitimiza miezi mitatu mlinganishe na mtoto wa karibu mwezi mmoja. Mwombe mhudumu aliandike hilo kwenye kadi, maana zamu hubadilika. Na kama umeajiriwa, mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 hapa Tanzania yaliongeza likizo kwa aliyejifungua njiti. Peleka barua ya hospitali ofisini.

Zipo siku za kutojaribu chochote nyumbani. Akikataa kula au kulegea, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kusitasita, midomo ikibadilika kuwa bluu, tumbo likijaa na kukaza, akitapika kijani, choo kikiwa na damu, macho au mwili ukiwa wa njano, akipata degedege, joto likishuka chini ya 35.5 au kuzidi 37.5, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Kama uzito hausogei wiki nzima ilhali unafuata yote haya, nenda vilevile, maana huenda kuna maambukizi au tatizo la moyo linalohitaji daktari. Njiani usimlazimishe kumeza kitu kama anapumua kwa shida. Mfunge kifuani, kofia kichwani, uso ukiwa wazi uuone.