Kungumanga, mkaratusi na chuku: maswali ya wasiolala

SWALI: Usingizi ulinikimbia tangu mwaka juzi, na kila usiku nameza diazepamu ya miligramu 5. Shoga yangu kaniletea unga wa kungumanga kutoka Soko la Majengo, anasema nitie kijiko kimoja cha chai kwenye maziwa ya moto. Je, niache vidonge nihamie huko?
*Mama N., Nkuhungu*

JIBU: Mama N., vidonge usiviache ghafla. Mwili uliozoea diazepamu ukinyimwa kwa mkupuo hutetemeka, hutoka jasho, wakati mwingine hupata degedege, na usingizi hupotea kuliko mwanzo. Wengi wakifika hapo husema dawa ya asili haifai, kumbe ni kidonge kinachodai chake. Wa kukupunguzia dozi ni daktari, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa au hata miezi. Kama ulikuwa unajinunulia tu dukani bila cheti, mwambie hivyo hivyo. Anahitaji kujua ulianza lini na unameza vingapi.

Sasa kungumanga. Ya kukolezea maziwa, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, haina neno. Kuanzia gramu 5 hivi, yaani vijiko viwili vya chai vilivyojaa au kokwa moja nzima, inaweza kugeuka sumu: moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kichefuchefu, kuona visivyokuwepo. Ubaya wake ni kuchelewa. Dalili huja baada ya saa 3 hadi 6. Mtu anakunywa saa tatu usiku, saa tano anaona bado macho makavu, anaongeza kijiko kingine, na alfajiri anakimbizwa hospitali. Kijiko cha shoga yako tayari kimefika karibu nusu ya njia.

Usidhani pia kwamba ukiruka kidonge usiku mmoja umepata nafasi ya kujaribu mitishamba. Diazepamu hubaki mwilini siku kadhaa, na chochote cha kulevya usingizi, pombe ikiwamo, kinaongezeka juu yake.

Ukitaka kutumia dawa ya asili, muulize muuzaji jina la mmea na kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asiyetaja mmea, mwache na unga wake. Unga usio na jina unaokulaza ndani ya nusu saa utilie shaka zaidi: katika nchi mbalimbali imewahi kugundulika vidonge vya hospitali vimesagwa humo. Jaribu kitu kimoja tu kwa wakati, kwa wiki mbili, huku ukiandika daftarini saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka na ulichokunywa. Ukianza vitatu pamoja ukaumwa tumbo, utamlaumu nani?

Tiba yenye ushahidi mzito kuliko mitishamba yote haina kikombe: amka saa ile ile kila siku, Jumapili nayo, na ukikaa kama dakika 20 bila usingizi toka kitandani mpaka uusikie tena. Wanasaikolojia huifundisha kwa hatua. Ulizia Hospitali ya Mirembe, ile ya afya ya akili hapa Dodoma.

SWALI: Mume wangu ni bodaboda. Anakoroma mno, na mchana anasinzia hata akiwa juu ya pikipiki. Nimtilie mafuta ya mkaratusi puani, au nimpe mzizi wa kumlaza vizuri?
*Msomaji, Bahi*

JIBU: Vyote viwili hapana, dada. Usiku msikilize: mkoromo, kisha kimya, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Hesabu kile kimya. Kikifika sekunde 10 au zaidi, tena mara nyingi, huenda koo linajifunga akilala. Dawa yoyote ya kulaza hulegeza misuli ya koo na kuzidisha tatizo. Mafuta ya mkaratusi huchubua pua, na yakimezwa, hata kijiko kimoja kinaweza kuleta degedege, hasa kwa mtoto.

Mrekodi kwa simu, mwende naye kituo cha afya mkaombe rufaa, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwa sasa alale ubavu, aache pombe jioni, na pikipiki aiegeshe mpaka apimwe. Tunajua hilo la mwisho ndilo gumu, maana ndiyo riziki.

SWALI: Chuku inaleta usingizi?
*K., Kondoa*

JIBU: Ushahidi wa kuumikwa kwa vikombe ni mdogo. Chuku kavu, isiyochanja ngozi, huacha mabaka tu kwa watu wengi. Ya kuchanja ndiyo ya kuogopa: wembe ufunguliwe mbele yako, na vikombe viwe vipya au vimetakaswa, la sivyo ondoka, homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupitia hapo. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito au anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asichanjwe kabisa.